Kambi ya siku 46: Ladelund, handaki lisilozuia kifaru na daftari la mchungaji

Mkaa Kaskazini (mleta uzi)

Wakuu salaam. Wakubwa zangu shikamooni.

Uzi huu nimeuahirisha tangu mwaka jana. Niko huku kaskazini kabisa mwa Ujerumani, mkoa wa Schleswig-Holstein, ukipiga chafya wanakuitikia Denmark. Kazi yangu ni kuzungusha gari la mizigo vijijini, na kuna kijiji nilikuwa nakipita kila Jumanne bila habari nacho. Kanisa, nyumba za matofali, ng'ombe, upepo usiojua kupumzika. Siku moja nikasimama nile mkate wangu, nikashuka kunyoosha miguu upande wa makaburi ya kanisa, nikakutana na majina. Mengi ya Kiholanzi. Nikasema, Waholanzi wote hawa walifuata nini huku?

Kijiji kinaitwa Ladelund.

Tukizungumzia kambi za mateso za Hitler kila mtu anaijua Auschwitz. Zile zilikuwa kambi mama. Kambi mama zilikuwa na watoto, na watoto ndio wengi. Neuengamme, iliyo pembeni mwa jiji la Hamburg, peke yake ilizaa kambi tanzu zaidi ya 85: kwenye viwanda, kwenye karakana za meli, kwenye vifusi vya miji iliyopigwa mabomu. Kampuni iliyotaka watu ilikuwa inawakodi kwa SS, kikosi cha Hitler kilichoendesha kambi hizo, kama wewe unavyokodi trekta msimu wa kilimo. Bei iliyozoeleka ilikuwa marka 4 kwa siku kwa asiye na ufundi, 6 kwa fundi. Hela inaingia serikalini, mfungwa hashiki hata ndururu.

Ladelund ni mmoja wa watoto hao, tena aliyeishi kidogo sana. Ilifunguliwa 1 Novemba 1944, ikafungwa 16 Desemba 1944. Siku 46, hata muhula wa shule hazifiki. Waliingizwa wanaume kama 2,000. Waliozikwa pale kijijini ni 300. Gawanya mwenyewe: zaidi ya watu sita kila siku inayopambazuka. Na pale hapakuwa na chumba cha gesi. Palikuwa na beleshi.

Nashusha kwa vipande, naandikia simu, mnivumilie.

Kisiki

Nimeshavuta kigoda. Shusha mkuu.

Mkaa Kaskazini

Tuanze na hilo beleshi lilikuwa la nini.

Juni 1944 Wamarekani, Waingereza na wenzao wameshatua Normandy, Ufaransa. Berlin wakaingiwa na hofu kwamba kutua kwingine kutakuja kwa Bahari ya Kaskazini, huku huku ninakokaa, au watashukia Denmark kisha wateremke kusini. Tarehe 28 Agosti 1944 Hitler akaamuru pwani hii izibwe. Mradi ukaitwa Friesenwall, yaani Ukuta wa Frisia. Usidanganyike na jina, ukuta hakuna. Ni mahandaki ya kuzuia vifaru yakatishe mashamba, maili na maili, yachimbwe kwa mkono.

Wakatafuta watu wa kuchimba. Vijana wao wako vitani, wazee na watoto wa shule walishaanza kubebeshwa majembe, bado haitoshi. Ndipo Neuengamme ikaombwa. Kambi ya kwanza kwa kazi hii ikafunguliwa Schwesing, karibu na mji wa Husum, Septemba 1944. Ya Ladelund ikafuata. Nyingine ikawekwa Engerhafe karibu na Aurich, nayo ilikaa miezi miwili tu ikaacha maiti 188. Zote kazi moja, zote majira ya mvua na baridi.

Pale Ladelund hawakujenga kitu kipya. Kulikuwa na mabanda ya vijana wa kazi za taifa, chukulia kitu kama JKT, yaliyojengwa kwa ajili ya vijana kama 250. Wakaingizwa 2,000. Nafasi ya mtu mmoja, watu wanane.

Walinzi wengi wala hawakuwa SS. Walikuwa askari wa jeshi la majini, SS wenyewe wa kuhesabika. Mkuu wa kambi alikuwa SS, Hans Hermann Griem, ambaye alikuwa anaongoza Schwesing na Ladelund kwa pamoja. Na chini yake wanyapara. Waliowahi kulala jela zetu wanamjua mnyapara: mfungwa mwenzako aliyepewa fimbo. Anakula zaidi yako kidogo, analala pakavu, na anajua siku fimbo ikilegea anarudishwa shimoni pamoja nawe. Waliopona wengi walimwogopa mnyapara kuliko askari, kwa sababu askari yuko kwenye ukingo amejikunyata na koti lake, mnyapara yuko humo ndani.

Beleshi Mbili

Naomba niingilie hapo kwenye kuchimba, maana hiyo ndiyo shule yangu. Nimechimba mitaro ya mabomba ya maji miaka kumi na mbili. Mkuu, hilo handaki lilikuwa na vipimo gani?

Mkaa Kaskazini

Juu upana mita 4 hadi 5. Kina kama mita 3. Kuta zimelalia kwa mshazari, chini linabaki jembamba, miguu ya mtu tu.

Beleshi Mbili

Basi ngoja niwaeleze wasiowahi kushika beleshi.

Mwanaume aliyeshiba, udongo laini, mkavu, jua la asubuhi, anatoa kama mita tatu za ujazo kwa siku na jioni anaomba soda. Hapo anachimba kimo cha kiuno. Ukizidi kimo cha mtu huwezi kurusha udongo ukafika juu. Unaacha kibaraza ukutani, wa chini anamrushia aliye kibarazani, wa kibarazani anarusha nje. Sasa kila beleshi moja limebebwa na watu wawili. Na unaodondoka njiani unamwangukia wa chini kichwani.

Halafu maji. Kama pwani yenyewe ni tambarare na ni Novemba, sina haja ya kuambiwa, maji yako juu. Ukigusa maji, udongo unakuwa mlenda. Beleshi linaingia, halitoki. Ukilivuta linakuja na uzito mara mbili, nusu inamwagika inarudi. Ukuta unabomoka usiku, asubuhi unaanza jana. Sisi tukifika kwenye maji tulikuwa tunasimamisha kazi hadi pampu ije, na tulikuwa na mabuti ya mpira.

Hao walivaa nini miguuni?

Mkaa Kaskazini

Viatu vya soli ya mbao, aliyebahatika. Wengine matambara. Nguo zile zile za kambini, wakavaa mifuko ya saruji ya karatasi kwa ndani wazuie upepo, na ukikamatwa na mfuko ni viboko. Wanasimama kwenye maji kutwa nzima, jioni wanarudi na nguo mbichi, wanalala nazo mbichi. Chakula kipande cha mkate na supu ambayo ni maji yaliyopitiwa na mboga. Kisha kuhara kukaingia. Ukiharisha, chakula kidogo ulichopata hakikai. Kwenye rekodi za vifo vya kambi za namna hii utakuta sababu zimeandikwa kidaktari kabisa, moyo umeshindwa, mapafu. Mdenmark mmoja, Paul Thygesen, alikuwa daktari na mfungwa kule Schwesing, na baada ya vita aliandika kwa kirefu alichokiona akitibu watu bila dawa. Kwa kifupi: watu walichimbishwa hadi wakaisha.

Beleshi Mbili

Na handaki lilizuia vifaru?

Mkaa Kaskazini

Halikuona hata kimoja. Mtu yeyote hakutua pwani ile. Desemba mradi ukaachwa, Mei 1945 Wajerumani wa upande huu wakasalimu amri kwa Waingereza, wenye mashamba wakafukia ng'ombe wasitumbukie.

Kisiki

Sasa mkuu nikuulize kwa heshima. 300. Nasikitika, roho ni roho. Lakini hao hao Wajerumani walifanya nini kwetu Maji Maji 1905 mpaka 1907? Walichoma ghala na mashamba, njaa ikaua watu kwa malaki. Hao nani anawaandikia uzi? Tunawalilia Waholanzi kijijini kwao, sisi babu zetu hata kaburi hatulijui.

Mkaa Kaskazini

Kisiki, sikukatalii hata neno moja. Na hilo la kaburi kutojulikana ndilo lililonifanya nisimame pale na mkate wangu mkononi. Subiri nifike kwenye daftari, utaona kwa nini.

Mwalimu Mstaafu

Vijana, hamjambo.

Kisiki ana hoja, ila asidhani kwamba kambi zile hazikutugusa. Alikuwepo Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Vita Kuu ya Kwanza alikuwa mtoto, na wakamvisha uaskari upande wa Wajerumani. Mwaka 1929 yuko Berlin anawadai mshahara wake na wa baba yake. Hawakumlipa. Akabaki huko, akawa mhudumu wa mgahawa, akaigiza vijisehemu kwenye filamu, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Kiswahili hiki tunachoandikiana hapa. Mwaka 1941 wakamkamata kwa kosa la kutembea na mwanamke wa Kijerumani, hakupelekwa mahakamani, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Neuengamme anayoisema mleta uzi ilianza 1938 kama tawi la hiyo hiyo Sachsenhausen. Na tarehe mmeiona.

Mkaa Kaskazini

Shikamoo Mwalimu. Nilikuwa nalijua jina, tarehe sikuwahi kuiweka sambamba. Siku hiyo Ladelund walikuwa wiki ya nne wanachimba.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Endelea.

Mama Neema

Kaka, mimi nimekwama pale kwenye Waholanzi. Walifanya kosa gani?

Mkaa Kaskazini

Dada, walikuwa nyumbani siku ya Jumapili.

Uholanzi kuna mji mdogo unaitwa Putten, wakulima, watu wa kanisa sana. Usiku wa kuamkia 1 Oktoba 1944, wapiganaji wa chini kwa chini walilishambulia gari la jeshi la Ujerumani karibu na daraja la Oldenaller, nje ya mji. Kesho yake jeshi likauzunguka mji. Wanawake wakafungiwa kanisani, wanaume wakatengwa. Nyumba zaidi ya 100 zikachomwa. Walipokuwa wanatenganishwa, waliokuwa ndani ya kanisa wakaimba Zaburi ya 84, na mpaka leo inaimbwa kila mwaka kwenye kumbukumbu.

Wanaume zaidi ya 600 wakapitishwa kambi ya Amersfoort, wakapakiwa treni hadi Neuengamme. Wachache waliruka treni ikiwa inatembea. Waliobaki wakagawanywa kwenye zile kambi tanzu, kundi kubwa likaangukia Ladelund. Sasa angalia: ni katikati ya Oktoba ndiyo wameingia, Novemba mosi wako handakini. Hawajajifunza kambi. Aliyekaa kambini mwaka anajua ajifiche wapi, apumzike vipi bila kuonekana, mkate aule lini. Hawa ni baba na mwana, mtu na shemeji yake, kila mmoja anamwangalia mwenzake akififia. Kati ya wale 300 waliozikwa Ladelund, 110 ni wa Putten peke yake.

Waliorudi nyumbani kutoka kambi zote walikuwa 48.

Mama Neema

Zaburi ya 84 ndiyo ile ya shomoro aliyeona nyumba na mbayuwayu aliyepata kioto cha kuweka makinda. Huku kwetu tunaisoma siku ya kuzindua kanisa. Jamani.

Ndugu wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Swali langu ni moja, ndugu yangu. Hawa wanakijiji walikuwa wakiona?

Mkaa Kaskazini

Waliona. Kambi iko pembeni ya kijiji, safu ya watu inapita asubuhi kwenda kwenye handaki, jioni inarudi imebeba walioanguka. Watoto wa shule waliwaona. Hilo la "hatukujua" kwa Ladelund halina pa kusimama.

Na hapa ndipo daftari linaingia.

Mchungaji wa Kanisa la St. Petri aliitwa Johannes Meyer. Maiti zilipoanza kutoka kambini, zilitakiwa kuzikwa, na makaburi ya kijiji ni ya kanisa. Meyer akazipokea. Wakachimba makaburi ya pamoja, tisa, ukingoni mwa eneo la makaburi. Lakini hakukubali kuzika namba. Akadai majina. Kila aliyeingia ardhini akamwandika kwenye kitabu cha maziko cha kanisa kama anavyomwandika mkulima wa pale aliyekufa kwa uzee: jina, alikozaliwa, tarehe. Ukurasa mmoja na wanakijiji.

Msimfanye malaika haraka. Huyu hakuwa mpinzani wa Hitler, alikuwa ameunga mkono utawala ule. Hakusimama mlangoni pa kambi kupiga kelele. Aliandika majina.

Vita vilipoisha, akaanza kuandika barua. Kuanzia 1946 zikaenda Uholanzi na kwingine, kwa wajane na wazazi: ndugu yenu yuko hapa, kaburi lake ni hili. Watu wa Putten walikuwa hawajui wanaume wao wamelala wapi. Ukienda Neuengamme kwenyewe, waliokufa wengi walichomwa, hakuna cha kuonyeshwa. Ladelund wana mahali pa kusimama. Mwaka 1950 ndugu wa kwanza wakaja.

Kisiki

Sasa nimekuelewa kwenye lile la kaburi. Ila huyo mchungaji simkubali. Anaona wanapita kila siku, anasubiri wafe ndipo awe na huruma? Kuandika mtu akishakufa ni kazi ya karani.

Ndugu wa Likoni

Naam, na barua za 1946 zaweza kuwa za kujisafisha pia. Waingereza washaingia, kila mtu atafuta cheti cha wema.

Beleshi Mbili

Nyie mnasema hivyo kwa sababu mko kwenye kiti. Novemba 1944 hakuna Mwingereza hapo. Angeweza kuwafukia bila kuandika na hakuna ambaye angemuuliza.

Mwalimu Mstaafu

Kisiki, usidharau karani. Wewe mwenyewe ndiye uliyeanza kwa kulalamika kwamba babu zako hawana wa kuwaandika.

Kisiki

Mwalimu umenipiga na fimbo yangu mwenyewe. Sawa. Lakini simkubali.

Mkaa Kaskazini

Mimi nimeegemea kati na kati na sijatoka hapo. Namwona ameshindwa kwa walio hai, akawalipa waliokufa. Kwamba lilitosha, siwezi kusema, waulizwe wajane. Ninachojua, wajane walikuja, na walimpa mkono.

Sasa upande wa waliotoa amri, maana mtaniuliza.

Griem alikwepa mkono wa sheria miaka mingi. Uchunguzi ulipokuja kufunguliwa ilikuwa miaka ya 60, ukaenda kwa mwendo wa kinyonga, na 1971 akafa hajasimama kizimbani.

Jenerali aliyeamuru Putten iadhibiwe alikuwa Friedrich Christiansen, mkuu wa majeshi ya Ujerumani Uholanzi. Waholanzi walimhukumu Arnhem mwaka 1948, miaka 12, lakini 1951 akaachiwa. Halafu sikia hii. Kwao Christiansen ni Wyk, kisiwa cha Föhr. Kisiwa hicho ni cha North Frisia, wilaya ile ile ya Ladelund. Mzaliwa wa pwani hii ndiye aliyewatoa watu Uholanzi wakaja kufia karibu na kwao. Na aliporudi, kwao walimpokea kwa heshima, mtaa wenye jina lake ukabaki na jina lake miaka mingi.

Kwa hiyo pwani moja, miaka ile ile ya 50: huku jenerali anashangiliwa, huku wajane wa Putten wanashuka kwenye basi wanatafuta kaburi. Sijui kama walipishana barabarani.

Mama Neema

Na Putten kwenyewe waliweka nini?

Mkaa Kaskazini

Sanamu ya mwanamke. Malkia Juliana aliizindua 1949. Si mwanajeshi, si shujaa ameshika bunduki, ni mama wa kijijini na nguo zake za kijijini, ameshika leso mkononi, anaangalia upande wa kanisa, ambako wanaume walionekana mara ya mwisho. Nilienda kuiona kiangazi. Nilitegemea kitu kikubwa. Ni mama tu amesimama. Nikajikuta natafuta leso yangu.

Kila Novemba, siku ambayo Wajerumani wanawakumbuka waliokufa vitani, watu wa Putten wanasafiri hadi Ladelund, wanasimama na wenyeji kwenye yale makaburi. Sasa ni wajukuu na vitukuu.

Ndugu wa Likoni

110 wa Putten wana wa kuwatembelea. Hao 190 wengine je?

Mkaa Kaskazini

Umeniuliza swali ambalo nilijiuliza nikiwa pale pale. Ni Wapolandi, watu wa Muungano wa Kisovieti, Wafaransa, Wabelgiji na wengineo, jumla nchi zaidi ya kumi. Wengine ndugu walikuja. Wa upande wa Kisovieti ndio shida, mpaka ulifungwa, barua hazikufika, na kijiji kizima kule kinaweza kuwa kilichomwa hakuna wa kupokea barua. Majina yapo kwenye jiwe, ila ukitazama maua yanavyowekwa unajua nani ana mtu na nani hana.

Mama Neema

Kaka, Jumanne hii unapita?

Mkaa Kaskazini

Napita dada. Nina mzigo wa Flensburg, nikimaliza saa nane nazunguka na njia ile.

Mama Neema

Basi simama upande wa wale wasio na maua, uwasomee ile Zaburi.

Mkaa Kaskazini

Ninayo ya Kiswahili tu.

Mama Neema

Hiyo hiyo.